Njia ya Kupita kwa Bi Wanu

Mwaka wa hamsini na nne alikuja kwetu Matemwe mzungu mmoja wa serikali aliyependa kutembea bila ya kwenda popote. Siku nyingine alipanda farasi, na farasi naye hakuwa akienda popote. Mwanzo tulimwonea huruma, tukidhani hana kwao. Baadaye tukaambiwa hiyo ndiyo starehe yake, na kwamba anataka ichongwe njia moja ndefu, ya miguu na ya wanyama, kutoka pwani kwetu mpaka mjini, imenyooka, ili na wenzake wapate kustarehe.

Njia tulikuwa nayo. Ilitoka pwani, ikapenya mawe na vichaka mpaka Mkwajuni, na huko mtu akadandia gari la shamba. Ila katikati ilipinda kushoto, ikaingia kiwanjani kwa Bi Wanu, ndipo ikarudi. Kwetu hupiti karibu na nyumba ya mtu ukaacha kumwamkia, na Bi Wanu alikaa peke yake, mguu mmoja umemwisha nguvu, hawezi kwenda kwa mtu. Basi tulikwenda sisi, mpaka nyayo zikafanya njia. Ukifika unampa shikamoo, unakunywa maji ya mtungini, unamwambia nani kazaa, nani kaachwa, nani kafa. Mikono yake ilisuka ukili, masikio yake yalikuwa njiani. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake, hakuwa na mengine.

Msimamizi wa kazi alikuwa Msabah, kijana wa Jang'ombe, mpole, mwenye kofia safi kuliko kazi yenyewe. Alipima, akaona ule mzunguko wa kwa Bi Wanu hauna faida, akaukata. Sikumchukia. Chombo chake kilionesha mawe, hakikuonesha watu. Vichaka vikafyekwa, kisha, ili wasafiri wasipotee, akachomeka miti kando ya kile kipande kipya, na kila mti akaufunga vitambaa viwili, cheupe na chekundu.

Mtu wa kwetu akiona vitambaa vyeupe na vyekundu vimefungwa porini haulizi. Hapo pana mzimu, na mzimu haukanyagwi. Msabah alikuwa katupandia mizimu mipya tangu mwanzo wa kipande mpaka mwisho. Watu wakaitazama njia, wakapinda kushoto kama kawaida. Haukupita muda, chini ya miti pakaonekana mayai na ubani. Mwalim Hija wa chuoni alisema huo ni ujinga mtupu, na aliyasema hayo akiwa kwa Bi Wanu, anakunywa maji.

Mzungu alipokuja na farasi wake akajikuta yuko peke yake njiani. Msabah akaambiwa kama watu hawapiti, basi na yeye kazi hana. Akavivua vitambaa vyote, na hapo ndipo alipoharibu kabisa, kwa sababu sasa mizimu ilikuwa imenyang'anywa nguo zake. Mwisho tukamwonea imani, tukamwambia mwenye kauli ni mmoja tu: mvyale, mtu wa ukoo uliofungua ardhi ile, anayejua wapi pana mzimu na wapi hapana. Akisema, kwisha. Msabah akauliza mvyale anakaa wapi. Tukampeleka kwa Bi Wanu.

Tulikaa mkekani, kila mtu anajua kilichoko. Akisema pana mzimu, tutaendelea kupita kwake mpaka afe. Akisema hapana, majani yataota mpaka mlangoni. Msabah naye alijua, maana aliuliza huku kautazama mtungi.

Bi Wanu akauweka ukili chini.

"Pale hapana kitu, mwanangu," alisema. "Pangekuwa na kitu ningekwambia. Waambie wapite."

Nilimkasirikia. Angesema pana, nani angembishia? Lakini mvyale akishaisemea ardhi uongo si mvyale tena, ni bibi mwenye mguu mbovu tu. Akauokota ukili wake, ukamponyoka, akauokota tena.

Kesho yake watu wakapita moja kwa moja. Wakaisifu njia, na kweli ilikuwa nzuri. Kwa mbali, upande wa kushoto, ulionekana moshi wa kwa Bi Wanu. Siku ile hakufika mtu, na ya pili hakufika mtu.

Siku ya tatu akafika Jaku na punda wake kabeba pweza wakavu. Jaku si mtu wa maneno. Bi Wanu akamwuliza kimemleta nini huku, na njia si imenyooka?

"Punda kakataa," alisema Jaku. Akanywa maji, akataja waliozaa, akaenda zake. Jioni akapita Mcha, na punda wa Mcha naye alikuwa kakataa.

Asubuhi yake nikafika pale njia zinapoachana, kapu la dagaa kichwani. Nikautazama ule moshi, nikaona haya, nikapinda.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nawe kimekuleta nini?"

"Punda kakataa."

Bi Wanu akatazama nyuma yangu, akatazama mpaka vichakani. Sijapata kuwa na punda maisha yangu.

"Basi mfunge hapo kivulini," alisema, "nawe uje ukae."