Kona ya Chini, Kulia

Wakala wa kebo alipomaliza kumwaga vipeperushi vyake mezani, mwenye nyumba, mwokaji mikate, alikuwa tayari ameshika kalamu. Pembeni yake alikaa mdogo wake, anamsukuma kwa kiwiko. Mdogo mtu huyu hajawahi kununua hata betri ya rimoti, lakini kwa kutoa maoni hana mpinzani, ndiyo maana mtaani wanamwita Profesa.

"Kaka, dishi limepitwa na wakati," alisema. "Mvua ikidondoka kidogo tu, picha inaganda. Kebo ni waya, na waya haujui mvua. Tena chaneli mia na ushee! Unangoja nini?"

Upande wa pili wa sebule, mke wa mwokaji alikuwa kwenye cherehani yake, anashona pindo la sketi ya mteja. Ni kiziwi tangu utotoni, ila midomo ya watu anaisoma kuliko wanavyodhani. Watu wana ujinga huo, wanaona asiyesikia basi na macho hana. Humsema yuko palepale mbele yao, naye huwaacha wajimalize.

Safari hii hakuwa tayari kumwachia mtu. Binti yake wa pekee alikuwa amepata kazi kwenye televisheni, mkalimani wa lugha ya alama katika taarifa ya habari ya jioni. Tangu aolewe, mama huyu alikuwa akipata habari za dunia kama makombo. Wenzake wanasikiliza taarifa nzima, wanashtuka, wanabishana, wanacheka mpaka wanashika mbavu, halafu mmoja anamgeukia na kumpa alama mbili tatu: "Bei imepanda." Basi, imeisha hiyo. Jambo hilo lilimuuma miaka yote, na aliumia kimyakimya. Sasa habari zingemfikia zikiwa nzima, kwa lugha yake, kwa mikono ya mtoto aliyemfundisha mwenyewe kuitumia kabla hajajua kutembea. Kama angezikosa tena, bora runinga isinunuliwe kabisa.

Na utafiti wake alishaufanya. Kwanza alikwenda kwa jirani mwenye kebo, akakaa mbele ya runinga roho juu. Binti akatokea kwenye kona ya chini, kulia. Mama mtu akataka kuruka. Mara kampuni ya kebo ikapitisha ukanda wake wa matangazo, nao ukapita hapohapo penye mikono. Kikabaki kichwa cha mwanawe kinatikisika juu ya tangazo la magodoro, nyusi zinapanda na kushuka, na maneno yote yamelaliwa. Jirani akamwonyesha kwamba ukanda ule hauondoki mpaka habari ziishe. Kesho yake akaenda saluni, ambako wana dishi. Alisukwa nywele ambazo hazikuhitaji kusukwa, ili mradi akae mpaka saa ya habari. Kona ilikuwa wazi, haina tangazo. Aliona mikono, aliona vidole, aliona mpaka pete.

Kwa hiyo alipoiona kalamu inashuka kwenye karatasi, aliiacha cherehani, akavuka sebule, akaipokonya.

"Kebo sitaki," alisema kwa mikono. "Nataka dishi."

Mwokaji akayatafsiri hayo kwa sauti. Wakala akatabasamu, akamgeukia mume. "Mzee, samahani, lakini si mama hasikii? Kwake kebo na dishi si yaleyale tu? Tuchague sisi tunaosikia."

Mke alilisoma kila neno likitoka. Akachukua kipeperushi kimoja chenye picha ya runinga, akatoa chaki ya kukatia vitambaa, akachora duara kwenye kona ya chini, kulia, akamsukumia wakala kifuani. Kisha mikono yake ikaenda mbio hata mumewe akahangaika kuifuata.

"Anasema umwonyeshe mikono ya mwanawe hapo," mwokaji alitafsiri. "Ukiweza, atatia sahihi mwenyewe sasa hivi."

Wakala alilitazama duara, akakohoa. "Aa, hapo... hapo huwa panapita matangazo, mama. Hapo kwa kweli hatuna la kufanya."

"Hata sisi hatuna," mwokaji alisema, akamkusanyia vipeperushi vyake. "Asante kwa kuja." Mkewe alimpenda upya.

Runinga ikanunuliwa, fundi akafunga dishi juu ya bati, na jioni hiyohiyo sebule ikajaa. Jirani alikuja, msusi alikuja, na Profesa alikuja mapema kuliko wote akakalia kiti kizuri. Habari zikaanza. Picha ilikuwa safi, haina chenga hata moja, lakini sauti haikutoka.

"Si nilisema!" Profesa aliruka. Akaibonyeza rimoti, akakipiga king'amuzi makofi, akachungulia nyuma. Kumbe fundi alisahau kuunga waya wa sauti, na ameshakwenda zake na waya wenyewe mfukoni. Mtangazaji anafumbua na kufumba mdomo bure. Mara pakatokea umati umejaa barabarani, watu wanakumbatiana, wengine wamepanda juu ya magari.

"Kuna nini? Wanashangilia nini?" Kila mtu anamuuliza mwenzake, na mwenzake hajui.

Mama hakuwa na habari nao. Kwenye kona yake binti alikuwa anachapa kazi, mikono inaruka, na mama anaitikia kwa kichwa, anacheka, anajifuta machozi. Mmoja baada ya mwingine wakamgeukia. Profesa akaondoka kwenye kiti kizuri, akachuchumaa mbele yake. Katika lugha ya alama alijua chakula na asante tu, kwa hiyo akaikunjua mikono mitupu na kumtazama kwa macho ya kuomba.

Mama akainua kidole: subiri. Alingoja mwanawe amalize sentensi yake. Ndipo akasimama mbele ya wote, akapandisha mikono ya gauni, akawaeleza, mumewe akimfuata kwa sauti. Timu ya taifa ya wasichana imechukua kombe! Imeshinda ugenini, kwa bao la dakika ya mwisho, na mfungaji alikuwa amefungwa bendeji kichwani.

Wakalipuka. Walipiga kelele, waliruka, walimkumbatia yeye kana kwamba bao kalifunga mwenyewe, na sakafu ikatikisika hata furaha yao akaisikia kwa nyayo.