Pipa Lililobaki Kijijini

Castory alikuwa ameingiza mkono ndani ya pipa mpaka begani, akipapasa matundu. Kila tundu alilipiga mwenyewe kwa msumari, makali yake yakabaki upande wa ndani. Unatia mihogo, unamwaga maji, unazungusha mpini, na mihogo inatoka imemenywa na kuoshwa. Ndivyo alivyochora. Karakana ya serikali ilimwajiri achore mashine, enzi serikali ilipokuwa bado inataka karakana.

Sasa inauzwa. Kila kitu kinauzwa, jamani, hata choo cha wafanyakazi kimeshapigwa namba kwa rangi nyekundu. Bwana Damas wa kamati ya mauzo alikuwa amesema wazi: mashine ikimenya vizuri mbele ya wanakijiji, kitengo cha Castory kinabaki. Isipomenya ni chuma chakavu, na Castory aende nyumbani. Huko nyumbani sukari ilishapanda tena. Asubuhi ile mkewe Joha alimwekea chai isiyo na sukari, akaenda zake kufagia uwanja, na chai ile ilimuuma kuliko matusi.

Yahaya, dereva wa karakana, akampeleka Castory na pipa lake hadi kijiji kimoja mbele ya Buigiri. Damas alitangulia na gari lake. Wanawake walikuwa wamekaa nyuma ya ghala wakimenya mihogo, visu vinakwenda na midomo inakwenda.

"Mbukwenyi!" Castory akasalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa, baba! Karibuni."

Siku zote alijaribu mashine kwa mihogo ya sokoni mjini, ya kuchagua, iliyonyooka. Hii ya hapa ilitoka kwenye udongo mgumu, imepinda na kuota vifundo. Akaitia pipani, akamwaga maji. Akazungusha hivyo hivyo. Alipofungua, vifundo vilikuwa vimeliwa mpaka ndani, na kwenye mikunjo ganda limekaa palepale.

"Mama wee! Imekula ugali wetu!" mmoja akasema, wote wakaangua kicheko.

Damas hakucheka. "Haimenyi. Pakieni mrudi nalo. Kesho mnunuzi wa chakavu anakuja na mizani."

Castory akakaa chini kwenye vumbi, amechoka kweli kweli. Evarista, mjane mwenye mihogo ile, akamsogelea.

"Baba, nani alikwambia kumenya kunatuchosha? Hapa ndipo tunapokaa. Hapa ndipo tunapojua nani kafiwa na nani kaachika. Kinachotuua ni maji."

"Sikuuliza," Castory akasema. Aibu ilimshika.

Evarista akatia pipani mihogo waliyokwisha kuimenya, yenye mchanga wake, akaweka beseni chini. Akazungusha taratibu, huku mwenzake akichota maji yaleyale ya beseni na kuyarudisha juu. Mihogo ikatoka myeupe. Ndoo moja ikaosha rundo zima, kazi iliyokuwa ikimaliza maji ya mzigo mzima wa punda.

"Bwana Damas!" Castory akakimbilia gari. "Inaosha! Njoo uone!"

"Nimeona." Damas alikuwa ameshawasha. "Nimetumwa kuangalia kama inamenya, ndugu yangu. Kuosha sikutumwa. Na karakana yenu ikiisha kuuzwa, kazi yangu nayo imeisha." Akaondoa gari.

Yahaya akafungua mlango wa nyuma wa Landrova. "Haya kaka, tupakie?"

Castory akatazama. Evarista hakuwa ameomba kitu. Alikuwa ameshatia rundo jingine, anazungusha.

"Funga mlango."

"We! Watakukata kwenye kiinua mgongo!"

"Wakate. Kwani wewe umeshawahi kukiona?"

Kesho yake mnunuzi wa chakavu alitundika mizani yake mlangoni mwa karakana. Vikapimwa vipande vya bomba, gia, hata nyundo nzima nzima. Damas akazunguka uwanja mara mbili.

"Castory, lile pipa liko wapi?"

"Liko kazini," Castory akajibu. Akaanza kufungua vifungo vya ovaroli, maana nayo ilikuwa ya serikali.