Mawe ya Msingi Mlangoni Kwetu

Ukitaka kujua nani amewahi kutuwakilisha kwenye bunge la jimbo, njoo Hubballi, mji wetu wa kusini mwa India, utembee kando ya mtaro unaopita mbele ya nyumba yetu. Kuna mawe matatu ya msingi. La kwanza ni la mzee Deshpande, aliyeshinda mara mbili kisha akaangushwa. La pili ni la mwanamke aliyemwangusha. La tatu ni la Hiregoudar, aliyempita mwanamke huyo kwa kura chache sana. Vyama vitatu, na wote waliahidi kuufunika mtaro kwa zege. Jirani yetu, Shangazi Gangavva, huanika pilipili juu ya jiwe la pili.

Mwaka huu mtaro ulininyima usingizi. Mama ana sukari, na unyayo wake una kidonda kisichopona. Daktari aliniambia, "Maji machafu yakimgusa tena, binti, huo mguu tutaukata." Mvua zikianza, maji ya mtaro huingia mpaka chini ya kitanda chake.

Mwezi Machi Hiregoudar akaja kuweka jiwe jingine. Lake la zamani lilikuwa na jina la waziri aliyehama chama, kwa hiyo alitaka jipya. Wanawake wakanipa mimi sinia la taa nimzungushie usoni, kama tunavyompokea mgeni yeyote wa heshima.

"Mpeni Kasturi," walisema. "Huyu hana maneno."

Kuhani alikuwa akitazama saa yake kila mara. Saa mbaya ya siku ilikuwa inakaribia, na kwetu hakuna anayeanzisha jambo saa hiyo, sembuse mtu anayetafuta kura. Hiregoudar alishika nazi ya baraka tayari kuipasua. Nikasimama mbele yake, mikono ikakataa kusogea.

"Zungusha basi, binti," kuhani akasema.

"Mtambo wa kuchimba utakuja lini?" nikauliza, kwa sauti ndogo mpaka mbunge akainama.

"Anasemaje huyu?"

"Anauliza mtambo!" Shangazi Gangavva akadakia. "Mawe tunayo, mheshimiwa. Ukituongezea tutajenga hekalu."

Watu wakaangua kicheko.

"Baada ya uchaguzi, mama zangu, naapa..."

"Basi na taa tutaizungusha baada ya uchaguzi," Shangazi akamkatiza.

"Mheshimiwa, muda unatutupa mkono," kuhani akanong'ona.

Hiregoudar akafuta jasho, akamgeukia mkandarasi wake. "Kesho asubuhi mtambo uwe hapa. Umesikia?"

Nikazungusha taa. Nazi ikapasuka.

Na mtambo ulikuja kweli. Nilimpelekea dereva chai mwenyewe, kwa furaha. Aling'oa mabamba tuliyokuwa tukivukia, akachimba ukingo wote mbele ya mlango wetu, shimo pana kuliko kitanda. Mchana redio ikatangaza tarehe ya uchaguzi, na papo hapo sheria za kampeni, zinazozuia kazi mpya za serikali mpaka kura zipigwe, zikaanza kufanya kazi. Jioni akaja afisa wa uchaguzi na vitambaa, akayafunika mawe yote ili majina yasionekane, kisha akamwamuru dereva aondoke. Hati ya kazi haikuwa na sahihi.

"Na shimo je?" nikamuuliza.

"Shimo halina jina la mgombea, dada. Hilo sina ruhusa ya kulifunika."

Tangu siku hiyo Mama hakutoka nje. Mimi niliruka na ndoo ya maji kichwani, na mara mbili nilianguka. Watu wa Hiregoudar walisema wapinzani ndio waliosimamisha kazi. Wapinzani wakasema Hiregoudar alijua tarehe, alichimba makusudi ili tumwone.

Siku ya kura, mwezi Mei, vijana wa Hiregoudar walikuja na kiti na ubao mnene wa kuvukia shimo. Kiongozi wao, Yallappa, akaita kutoka ng'ambo, "Mama Shantavva! Leo wewe ni bibi harusi, tunakubeba!"

Mama alishavaa sari yake nzuri.

"Utampa nani?" nikamuuliza.

"Huyuhuyu Hiregoudar."

"Mama! Na shimo hili?"

"Ulimwomba mtambo, akauleta. Wale wengine walileta nini?"

Wakambeba, akapiga kura, wakamrudisha akicheka na wino kidoleni.

Jioni Yallappa akarudi peke yake kuchukua ubao. Alinikuta juu ya ubao, katikati ya shimo, natoka kuteka maji.

"Shuka, dada. Huu ni wa mkandarasi."

Nikaweka ndoo chini. Matone makubwa yalikuwa yameanza kudondoka, na chini yangu maji meusi yalikuwa yakipanda.

"Mvua ndiyo hii," nikasema. "Mama atatokea wapi?"

"Mimi nimetumwa tu. Acha utoto."

Nikaketi. Nikaushika ubao kwa mikono yote miwili. Yallappa akajaribu kuinua ncha yake, nami nikiwa juu, akashindwa. Akatukana kidogo, akajifunika kichwa kwa bendera ya chama, kisha akachuchumaa ukingoni kusubiri nichoke.