Mnyanya wa Mama

Mama alipopelekwa hospitali aliacha mnyanya mmoja kwenye ndoo nyeusi, kibarazani nyuma. Ndoo haikuwa na udongo. Mizizi ilining'inia ndani ya maji, kijipampu kikivuma kutwa, na chakula chake kilitoka kwenye chupa mbili za mbolea ya maji.

"Nikirudi nitaikuta nyanya ya kwanza," aliniambia mlangoni. "Na asiile mtu!"

Hakurudi.

Baada ya mazishi, mimi na Baba tulizungumza habari za mkate na funguo tu. Baba ni fundi cherehani, maneno yake ya kupimia. Mimi nimemrithi, hata pole za majirani nilizipokea nikitazama viatu vyao. Lakini kila Jumapili asubuhi nilinyata kibarazani, nikamimina kifuniko kimoja cha kila chupa, kama alivyofanya Mama.

Mnyanya ukachanua, ukatoa tunda moja la kijani, dogo kama kifungo cha koti. Nililia jikoni, nimefungua bomba ili Baba asisikie.

Kisha majani yakajikunja, kingo zikawa kahawia kama karatasi iliyopitiwa na moto. Nikajua una njaa. Nikaongeza.

Mama mdogo alipokuja kututazama, alisimama mbele ya ndoo, mikono kiunoni. "Dada yangu na vituko vyake! Shemeji, huu si mmea, huyu ni mgonjwa wa dripu." Akacheka. Halafu akayasikia aliyoyasema, akaziba mdomo. Baba akainama kuokota uzi ambao haukuwepo.

Kwa aibu, Mama mdogo akachukua kipimo cha chumvi za mbolea kilichoning'inia msumarini. Hatukuwa tumekigusa, kilikuwa pale pale Mama alipokiacha. Akakitumbukiza majini. Ubavuni mwa ndoo Mama alikuwa ameandika namba isiyopaswa kuvukwa. Kipimo kilionyesha zaidi ya mara mbili yake.

"Nani anaulisha?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema Baba, kwa pamoja nami.

Tukatazamana.

"Asubuhi, ukiwa unaoga," nikamwambia.

"Mimi jioni. Ukishajifungia chumbani." Akaligusa jani moja. "Nikaona majani yanakauka, nikazidisha."

"Na mimi, Baba."

"Jamani," Mama mdogo akasema taratibu, "mmeushibisha mpaka mmeuunguza."

Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Sisi tulikuwa tukikohoa na mto mdomoni.

Tulimwaga maji, tukaosha mizizi. Ilikatikia vidoleni. Tukajaza maji matupu, na tangu hapo tulikwenda kuutazama pamoja, Baba na kikombe chake cha chai, mimi na changu. Haukusaidika. Shina lililala, na tunda likadondoka likiwa bado kijani.

Baba alilileta mezani, akalikata katikati.

"Alisema asiile mtu," nikamkumbusha.

"Najua." Akanipa nusu.

Lilikuwa gumu, chachu. Kwa mazoea nikamsogezea kichupa cha chumvi. Akakitazama kwa muda, akainuka, akakirudisha kabatini.

"Imetosha."

Akatafuna, akatafuna. "Na angetunyima kweli, mama yako," akasema, sauti ikamkatika.

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja tangu tumzike. Safari hii sikufungua bomba.