Mbao Nyuma ya Boksi

Boksi ya soketi haikai kwa mabati. Nimelisema hilo miaka ishirini, kwa kila mjinga aliyewahi kunishikia ngazi. Bati ni jepesi, halina nguvu ya kushika kitu. Ukipigilia boksi hapo, mtu akichomeka na kuchomoa kila siku inacheza, inacheza, mpaka inaning'inia kwa waya zake na wewe fundi uko kwingine unakunywa chai. Unatafuta nguzo mbili za ukuta, unakata kipande cha mbao kinachoingia katikati yake kwa kubana, unapiga misumari huku na huku, halafu boksi unaifunga kwa hiyo mbao kwa skurubu. Hapo hata avute ng'ombe, haitoki. Kazi ya robo saa tu, na kipande cha tubaitu, mbao ya inchi mbili kwa mbili, cha urefu wa mkono.

Mimi ndiye Khamala. Ungeuliza mtaani kwetu Mashimoni wakati ule, wangekuambia Kibera nzima hakuna fundi wa stima wa kumshinda Khamala, na mimi nilikuwa nawasikia, kichwa kinavimba. Sasa sikiza nilichofanya.

Ilikuwa tisini na saba, miezi kadhaa kabla ya ile mvua ya Elnino. Mzee Fadlalla, Mnubi mmoja mwenye ploti ya vyumba kumi pale Mashimoni, aliamua wapangaji wake wapate stima, akaniita mimi. Usimlaumu Fadlalla kwa lolote katika hadithi hii. Mbao nilizoandika alinunua zote, kila boksi na kipande chake. Vyumba tisa niliviweka sawasawa. Cha kumi kilikuwa cha Nereah, mjane ambaye sote tulimwita Mama Celine kwa jina la bintiye. Jioni ile nilikuwa nimechoka, na nyumbani kitanda changu kilikuwa kimevunjika ubavu wiki nzima, mke wangu ananipigia kelele kila nikiingia. Nikatazama tubaitu ya mwisho mkononi mwangu. Nikatazama ukuta. Nani ataona? Nikaipigilia boksi kwa bati, misumari minne, nikaitia mbao kwapani nikaenda nayo kwangu. Ndiyo, niite mwizi wa mbao. Sitakukatalia.

Na chumba nilichochagua! Afadhali ningemwibia Opondo, jirani yake, ambaye alichomeka redio yake siku ya kwanza akaisahau hapo. La. Nilimwibia mtu wa pekee aliyekuwa na kazi na soketi. Mama Celine alikuwa fundi wa nguo, anashona sare za shule kwa cherehani ya mguu na kuzinyoosha kwa pasi ya stima, chomeka, chomoa, asubuhi mpaka jioni. Ndani alikuwa amebandika katoni ukuta mzima, kila kitu safi. Mguuni alivaa akala, zile za tairi la gari, ndani na nje, kwa sababu sindano zilikuwa zinaanguka sakafuni na Celine alishawahi kuchomwa. Kumbuka hizo akala.

Mwezi wa nane alinisimamisha njiani. "Khamala, ile boksi yako inacheza."

"Nitakuja, Mama Celine."

Mwezi wa tisa tena. "Khamala, sasa inaning'inia. Naogopa."

"Kesho, mama, kesho asubuhi na mapema." Si unajua kesho ya fundi ilivyo. Nilikuwa na kazi Olympic, kwa watu wenye nyumba za mawe, na kila nikikumbuka ile boksi nilikuwa nakumbuka pia kitanda changu, basi nikawa napitia njia nyingine.

Halafu mvua ikaja. Wewe kama hukuwa Kibera mwaka ule huwezi kujua. Njia ya kwenda bombani ilipita nyuma ya chumba cha Mama Celine, nyembamba, matope mpaka kwenye kifundo cha mguu, na kila mtu aliyebeba mtungi alikuwa anashika lile bati ili asiteleze. Ukuta ukaanza kuuma. Wa kwanza kuumwa alikuwa Opondo, akacheka, akasema mkono umeingia baridi. Wa pili akaangusha mtungi. Siku ya tatu Ryan, mtoto wa Trizah, mpangaji mwingine wa ile ploti, hata miaka miwili hakuwa amefikisha, alitoka peku akashika bati kwa kiganja chote. Ukuta ukamrusha. Akaanguka chali kwenye matope, macho yamegeuka, na hakulia. Alipokuja kulia, kiganja kilikuwa kimeungua, na Trizah naye alikuwa amepiga nduru mpaka sauti ikaisha.

Ploti nzima ikamwagika nje. Mzee Fadlalla akaja mbio kutoka kwake Makina na kanzu yake imeloa. Nikaitwa. Nilipofika nilikuta wamesimama mbali na ule ukuta, mvua inawanyeshea, hakuna aliyetaka kuwa karibu.

"Khamala, mwanangu," Fadlalla akasema, "hii si ni stima? Sema tu. Kama ni stima naizima sasa hivi, tufungue tuangalie."

Tufungue tuangalie! Niliona kila kitu hapo hapo: bati likitolewa, boksi ikining'inia, nguzo mbili na katikati yake hakuna kitu. Vile vyumba tisa vingine vikionekana na mbao, hiki kimoja hakina. Nani angenipa kazi tena? Nikatoa testa ya kupimia stima mfukoni, nikaigusisha kwa bati. Kile kitaa chake kidogo kikawaka chekundu ndani ya ngumi yangu. Nilikuwa nimekifunika kwa kidole gumba.

"Stima iko sawa," nikasema. "Hapa hakuna stima."

Mimi huyu nilisema hivyo. Nilijiambia nitarudi kesho nirekebishe polepole, na mambo yataisha. Sikufikiria watu wakishaambiwa si stima watauliza ni nini basi.

Opondo ndiye aliyeuliza. Halafu Trizah, na mtoto begani, akamgeukia Mama Celine aliyekuwa amesimama mlangoni pake. "Huu ukuta ni wako," akasema. "Unaugusa kutwa kucha. Sisi unatuuma, mtoto wangu karibu afe. Mbona wewe haukuumi?"

"Trizah, hata mimi sijui."

"Ushike basi. Ushike tuone."

Mama Celine akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, na mimi nikajifanya ninaweka testa mfukoni. Alijua alichoniambia mwezi wa nane na mwezi wa tisa. Alikuwa ananingoja nifungue mdomo. Niliposhindwa, akatoka mlangoni na akala zake, akaweka kiganja juu ya bati, akakiacha hapo.

"Si mnaona," akasema, "hakuna kitu."

Maskini, alidhani anajiokoa. Mimi nilijua ni lile tairi lililo chini ya nyayo zake. Mtu yeyote pale angevaa akala zile angeushika ule ukuta mpaka jioni. Ningesema neno moja tu, akala, na ningekuwa nimemwokoa. Watu wakarudi nyuma hatua moja, wote pamoja, na mama mmoja akamfunika mtoto wake uso kwa leso.

Fadlalla alijaribu. Alisema hataki mambo ya uchawi kwenye ploti yake, akawaambia waende wakalale. Walienda. Lakini asubuhi yeye akiwa sokoni na mimi nikiwa kazini Olympic, walimtolea Mama Celine vitu nje. Hawakumpiga. Opondo alijisifu sana kwa hilo, kwamba hakuna aliyempiga. Walitoa cherehani, wakatoa meza, wakatoa sare za watoto za shule zilizonyooshwa tayari, zote zikawekwa kwenye mvua.

Mimi asubuhi hiyo, kabla ya kwenda Olympic, nilikuwa nimeing'oa tubaitu kutoka kwa kitanda changu. Saa sita nikaja nayo Mashimoni, mbao mkono mmoja, mfuko wa vyombo mkono mwingine. Nikakutana na mkokoteni njiani. Cherehani ilikuwa juu, imefunikwa gunia, na Celine anausukuma kutoka nyuma, amevaa sare yake ya shule. Mama Celine alikuwa mbele. Hakunitazama usoni. Aliitazama ile mbao, akaitazama vizuri kutoka mwisho huu mpaka ule, kisha akaendelea na safari. Walikuwa wanaenda Kawangware, kwa binamu yake.

Ningeweza kuwarudisha. Nilisimama tu matopeni.

Kisha nikaingia kwenye chumba kitupu nikafanya kazi. Kazi safi, wallahi, safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilibandua katoni, nikafunga waya pale ulipochunwa na ncha ya bati, nikakata mbao ikaingia kati ya nguzo kwa nyundo, misumari mitatu kila upande, boksi kwa skurubu nne, katoni nikairudisha juu yake. Niliivuta. Haikutingika. Robo saa.

Nilipotoka Trizah alikuwa nje, peku. Alinyoosha kidole kimoja akagusa bati, akakirudisha haraka. Akagusa tena. Akaweka mkono wote, na machozi yakaanza kumtoka.

"Uchawi umeisha!" akapiga kelele. "Opondo! Njoo ushike! Ameondoka nao! Ameondoka na vitu vyake!"

Wakaja wote wakaushika ule ukuta, mmoja mmoja, wakicheka na kumshukuru Mungu. Ukweli ulikuwa mbele yao na nilikuwa nimeufunga kwa skurubu nne. Nikaletewa chai. Nikanywa.

Miezi mitatu nilikaa hivyo. Nilikuwa mkali kwa mke wangu, mkali kwa wateja, nililala kwenye kitanda kilichoinama upande mmoja na sikutaka kukitengeneza. Mwishowe mwezi wa pili nikaenda Kawangware. Nilimpata nyuma ya soko, chumba kisicho na stima, ananyoosha suruali moja kwa pasi ya makaa. Maneno yalikuwa yamefika kabla ya cherehani yake. Binamu alikuwa amemwambia atafute pengine. Celine alikuwa ameketi peke yake mlangoni, na watoto wa ploti wanacheza upande ule mwingine.

Nikamwambia yote. Mbao, kitanda, kile kitaa cha testa chini ya kidole changu, akala. Nililia, sitaficha. Yeye aliendelea kunyoosha.

"Nilikuona na ile mbao," akasema. "Hapo ndipo nilijua mpaka mwisho. Mbona unaniambia mimi, Khamala? Kati ya watu wote wa ile ploti, mimi ndiye nisiyejua?"

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe halafu? Mtoto wangu anaitwa mtoto wa mchawi. Nenda ukawaambie wao." Akaweka pasi chini. Akanitazama jinsi nilivyokuwa nafuta machozi, na kwa sababu yeye ni mtu, na mgeni ni mgeni, akamimina chai kwenye kikombe. "Kunywa kwanza. Halafu uende."

Jumapili hiyo nikawakusanya. Fadlalla alikuja, Opondo, Trizah na Ryan, ploti yote. Nikasimama mbele ya kile chumba, bado kitupu maana hakuna aliyekubali kukipanga, nikasema kila kitu kwa sauti. Nilijiita mwizi. Nilijiita mwongo. Hakuna aliyenikatiza, na moyo wangu ukaanza kuwa mwepesi.

"Njooni muone wenyewe!" nikasema. Fadlalla akafungua kufuli, wakajaa mlangoni. Nikaishika boksi kuwaonyesha jinsi ilivyokuwa inaning'inia. Nikavuta. Nikavuta kwa mikono miwili, mguu nimeuegemeza ukutani. Boksi haikutingika hata kidogo. Nikabandua katoni, na mbao ilikuwa pale, imenyooka, misumari mitatu kila upande, kama kwenye vile vyumba tisa vingine.

"Hiyo niliiweka baadaye!" nikasema. "Niliitoa kwa kitanda changu! Muulizeni mke wangu!"

Fadlalla akatazama chini. Trizah akanisogelea, na sauti yake ilikuwa ya upole, mwanamke yule yule aliyepiga nduru siku ile.

"Khamala, ulienda kwake?"

"Nilienda, ndiyo. Kuomba msamaha."

"Ukala chochote?"

"Sikula. Nilikunywa chai tu."

Akaziba mdomo kwa mkono. Opondo akanishika bega, akasema, "Pole, ndugu yangu. Pole sana. Si kosa lako, ni ile chai yake." Wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani, mikono mingi, wakaanza kuniombea. Nikapiga kelele kwamba ni akala, zilikuwa akala za tairi, vaeni akala mtaona, na Trizah akazidi kulia, akawaambia waombe kwa nguvu, kwa sababu sasa hata maneno ninayosema hayaeleweki.