Posa ya Miji Miwili

Usiku wa jana niliota nimeletewa posa ya mke wangu mwenyewe, na wanaoposa ni miji miwili.

Msinicheke. Wiki nzima nilikuwa nahangaika nimpeleke wapi Mama Shani akapumzike: Pangani au Mikindani. Yote ni miji midogo ya kale, yenye nyumba za mawe na watu wasio na haraka. Nina likizo ya siku tano, na hizo tano nina sababu nazo. Tulipooana, miaka ishirini na saba iliyopita, fungate yetu ilidumu siku mbili badala ya saba. Siku ya tatu asubuhi bomba kuu la maji likapasuka, na fundi nilikuwa mimi. Nikabeba spana zangu nikamwacha bibi harusi. Hakuninunia. Hajaninunia mpaka leo, na hilo ndilo linaloniuma. Nilipomwambia kuna safari, alisema lile lile la siku zote: "We chagua tu, Baba Shani."

Basi, ndotoni nimekaa mkekani sebuleni kwangu, upande wa baba wa binti. Hodi inapigwa. Unaingia mlango. Si kwamba ulifunguliwa. Mlango wenyewe ndio ulioingia, wa mninga, wenye nakshi na misumari ya shaba, na viatu ukavua.

"Asalaam aleikum. Mimi ni mshenga wa Mikindani."

"Waaleikum salaam. Karibu, keti."

"Ahsante, lakini milango haiketi. Huegemea." Ukaegemea kabati la vyombo.

Nyuma yake ukaingia mji wa Pangani wenyewe, mto wake umekunjwa kwapani, minazi imelazwa ili isiguse dari. Kujiletea posa mwenyewe bila mshenga niliona si adabu.

"Uniwie radhi," ukasema. "Mshenga wangu ni kivuko, na kivuko kinasubiri abiria."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, tajeni sifa zenu."

Pangani ukasema una vibaraza vya kutosha kila mtu na ukimya wake. Mlango ukasema Mikindani kuna vichochoro vyembamba, hata waliogombana hulazimika kugusana mabega, wakapatana. Nikauliza kuhusu presha ya maji. Wakanijibu kwa upole kwamba hilo si swali la posa.

"Sasa tunaomba jibu la bibi," ukasema mlango.

"Jibu ninalo mimi."

"Kwani wewe ndiye unayeposwa?"

"Mimi ni mumewe. Kaniambia nichague."

"Baba hupokea barua, kisha humtuma shangazi chumbani akamuulize binti. Wewe umemtuma nani?"

Sikuwa nimemtuma mtu. Lakini jamani, mtu mzima aumbuliwe na mlango ndani ya nyumba yake? Nikasema kwa sauti kubwa: "Pangani! Tumekubali!"

Hapo hapo niko Pangani. Jua la saa nne, kibaraza kimefagiliwa, viti viwili. Niko peke yangu. Safari iliyochaguliwa na mmoja hufikisha mmoja. Hakuna aliyenieleza, nilijua tu.

Nikaketi. Kiti cha pili kikanigeukia.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Sasa mimi atanikalia nani?"

"Vumilia kidogo."

"Mimi nimevumilia tangu saa mbili," kikasema kiti. "Yeye je?"

Nikataka chai. Birika likakataa kuinama. Likasema lina chai ya wawili, na haliwezi kujua nusu ipi ni yangu.

Loo, nililia! Mtu mzima na mvi zangu, kwenye kibaraza cha watu. Nilikumbuka asubuhi ile ya bomba, alivyoamka kabla yangu, bibi harusi wa siku mbili, akanifungia maandazi ya moto na kunitakia kazi njema. Mimi nikapokea nikaondoka, hata ahsante sikusema. Nikasimama nikamwita, na si Mama Shani. Nilimwita jina alilopewa na wazazi wake.

"Sikudhani! Unapenda twende wapi?"

Kuuliza si ujinga, lakini swali lile lilinitoka kwa taabu, kama nati iliyoshika kutu. Lilipotoka tu, tuko sebuleni tena, naye kaketi mkekani.

"Mikindani," akasema, bila hata kufikiri. "Marehemu bibi alizaliwa kule. Nataka nipaone tu."

"Miaka yote hiyo! Mbona hukusema?"

"Hukuuliza, mume wangu. Leo umeuliza. Ahsante."

"Ahsante ni yangu mimi," nikasema. "Ya maandazi, ya Shani, ya kila asubuhi uliyoniacha niende." Nilisema yote, na kifua kikawa chepesi.

Pangani haukununa. Ukatuombea heri, ukaahidi kurudi mwakani, safari hiyo kwa mshenga. Mlango ukaomba chai kabla ya kuondoka, maana Mikindani ni mbali. Sikudhani akaumiminia, akajimiminia na yeye, akanipa na mimi.

Nikaamka. Jua limeshaingia dirishani, na upande wake wa kitanda mtupu. Nikaenda jikoni mbiombio, nimuulize kabla ujasiri haujaniisha. Yuko kwenye karo anaosha vyombo. Nyumba hii ina watu wawili tu tangu Shani aolewe, lakini vikombe vilikuwa vitatu, na kimoja kina unga wa mbao ukingoni.

"Sikudhani," nikaanza, "unapenda twende..."

Hakugeuka, ila niliona mabega yake yanacheka.

"Nimeshakujibu, mume wangu," akasema, akikisuuza kile cha tatu. "Lakini niulize tena."