Kababu za Edung

Kampuni ya viungo ilimwajiri Nawoi kwa siku mbili za wiki, Ijumaa na Jumamosi, asimame ndani ya supamaketi moja mjini Lodwar, apike na kuwaonjesha wateja. Kabla ya hapo aliwahi kuuza makaa, kufua nguo za walimu na kufagia ofisi za watu, na hakuna hata moja kati ya kazi hizo aliyoiamkia kwa furaha. Hii aliiamkia. Alivaa eproni nyekundu, akawasha meko ya gesi mbele ya rafu za sabuni, akakaanga vitunguu, na harufu ilipoanza kutembea watu wakasahau walichokuja kununua. Alipenda sana ile dakika mtu anapotia kijiko kinywani na uso wake ukabadilika kabla hajapata la kusema.

Nyumbani kwake Nakwamekwi hakukuwa na vitu vingi vya kupika, lakini mkono wake haukutulia. Alitwanga matunda ya mkoma, akachanganya na unga wa ngano, akatoa chapati za kahawia ambazo mumewe Erupe, mlinzi wa lango la shule, alizila kimya, kisha akaomba nyingine. Alipika samaki mkavu wa ziwani kwa maziwa ya mbuzi yaliyoganda. Mengine yalimshinda. Maandazi yake ya mtama yalitoka magumu kama mawe, Erupe akawapelekea mbuzi wa jirani, na mbuzi nao wakayanusa kwanza.

Cheruiyot, msimamizi wa mauzo wa kampuni, aliona kuwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kuna watu wengi kuliko Lodwar. Akaamua kwamba kila mwezi watapakia meko kwenye pikapu na kwenda kupika mbele ya duka moja la jumla huko kambini. Hapo ndipo Nawoi alipofahamiana na Abul.

Abul alikuwa Mdinka kutoka Sudan Kusini, mwanamke mrefu asiye na haraka, na daima alikuja na binti yake mdogo, Achan, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Wengine walionja wakaenda zao. Abul alionja, akanunua pakiti moja ndogo, na mwezi uliofuata akarudi kutoa habari.

"Ile dengu yako nimepika," alimwambia Nawoi. "Nimeweka ndimu kidogo. Imekuwa tamu kupita yako."

Nawoi alicheka. Alipofika Lodwar alitia ndimu, akakuta Mama Achan amesema kweli. Tangu hapo kila safari ya Kakuma aliifikiria kwa ajili ya Abul: atampelekea nini kipya, naye atakigeuza vipi.

Kisha resheni ya chakula kambini ikapunguzwa, ikapunguzwa tena. Mvua nayo ilikuwa imekataa Turkana yote, wafugaji wakizika mifugo yao huku wakimbizi wakikung'uta magunia. Safari iliyofuata watu walijaa mbele ya meko kabla vitunguu havijaiva. Hakuna aliyeuliza bei. Mtu alipokea kikombe chake cha kuonja, akala, akarudi nyuma ya foleni. Achan alilamba kikombe chake, akalamba na cha mama yake.

"Wanakula tu, hawanunui," Cheruiyot alisema wakirudi. "Tafuta kitu ambacho hata wao wanaweza kupata. Waone pakiti ina kazi."

Nawoi akakumbuka edung. Ni matunda ya porini, madogo, na Waturkana wa zamani wote waliyajua kama chakula cha njaa. Ni machungu, na yakiliwa hivyo yanaharibu tumbo vibaya. Lazima yachemshwe, maji yamwagwe, yachemshwe tena kwa maji mapya, na tena, kutwa nzima, mpaka uchungu uishe. Mama yake alikuwa akiyapika hivyo na kuyala bila kitu, uso ukiwa umekunjamana. Nawoi alitaka kuyafanya matamu. Alinunua ya kutosha sokoni Lodwar, akashinda nyuma ya nyumba akichemsha na kumwaga, akayaponda, akatia viungo vya pakiti na unga kidogo, akaviringa kababu na kuzikaanga. Erupe alikula mbili akauliza nyama ameitoa wapi. Nawoi hakukumbuka siku aliyojivunia mikono yake kama siku hiyo.

Alikwenda Kakuma na edung zilizokwisha kuchemshwa. Kwa hiyo watu waliona akiponda, akiviringa, akikaanga. Yale maji waliyasikia tu mdomoni mwake.

"Unachemsha, unamwaga, unachemsha, unamwaga, mpaka uchungu uishe," alisema, mkono ukigeuza kababu.

"Na uchungu ukibaki?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Ukibaki kidogo, pakiti hii inaumaliza."

Watu walicheka. Cheruiyot alipiga makofi. Siku hiyo pakiti ziliisha zote, na Abul aliondoka na mbili, Achan akiwa amemshika kanga. Njia nzima ya kurudi Lodwar Nawoi aliimba.

Mwezi uliofuata alikuja na wazo jipya, uji wa matunda ya mkoma, na macho yake yakamtafuta Abul kwenye foleni. Hakumwona. Kando ya duka kulikuwa na Mkongo aliyeuza nyanya, aitwaye Barnabé. Nawoi akamuuliza yeye.

"Mama Achan?" Barnabé aliinamisha kichwa juu ya nyanya zake. "Mutoto yake alikufa, dada. Ni tumbo. Walikula ile matunda ya porini."

Nawoi alizima meko, akaelekezwa nyumbani kwa Abul, akaenda na eproni yake mwilini.

Abul alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yake ya udongo. Hakuonekana kushangaa.

"Kaa," alisema.

Nawoi aliketi chini. "Nimesikia kwa Barnabé."

"Tulikula sisi wawili. Mimi niliumwa na tumbo, nikapona. Yeye alitapika mpaka hakuna kitu ndani. Hospitali wakasema mwili yake ilikuwa imechoka na njaa, haina nguvu ya kupigana."

Nawoi aliyashika maneno hayo ya njaa kama mtu anayeteleza ashikavyo tawi. Akauliza, na hata alipokuwa akiuliza alijionea haya, "Maji ulimwaga?"

"Mara moja. Bomba ilifunguliwa kidogo, ikafungwa. Nilikuwa na mtungi moja. Ya kunywa ni hiyo, ya kuosha mtoto ni hiyo. Nimwage ngapi?"

"Nilisema mpaka uchungu uishe."

"Uliisha. Niliweka pakiti, nikaonja, uchungu hakuna. Vile ulisema."

Sauti yake haikupanda. Nawoi alitamani ipande.

"Alipenda sana," Abul alisema baadaye. "Aliomba ingine. Nikampa yangu."

Honi ya pikapu ikasikika kutoka dukani. "Enda," Abul alisema. "Wanakungoja."

Nawoi hakupanda gari. Alisimama mbele ya watu waliokuwa bado wakisubiri kuonja, akawaambia wasile edung kama hawana maji mengi ya kumwaga, na kwamba viungo vinaficha uchungu tu, sumu inabaki. Walimsikiliza mpaka mwisho. Kisha mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akauliza, bila ubishi wowote, "Sasa tule nini?"

Cheruiyot akamwita Nawoi, naye akapanda gari.

Garini alimweleza yote. "Ofisini usiyaseme hayo," Cheruiyot alisema. "Sisi tuliuza viungo."

Nawoi alikataa kurudi Kakuma, akapelekwa msichana mwingine, Sally. Kazi ya Lodwar hakuiacha, kwa sababu mshahara wa Erupe peke yake haukulisha nyumba. Nyumbani alipika ugali na sukuma, kesho ugali na sukuma. Erupe alikula, akaenda langoni.

Ilipita miezi. Jumamosi moja kampuni ilileta viungo vipya vya pilau. Nawoi alikaanga vitunguu mpaka vikawa vyeusi vizuri, akamimina mchele, akafunika. Dereva mmoja wa lori alionja, akafumba macho, kijiko kikasimama hewani. Na Nawoi akaisikia ile furaha ikipanda kifuani, ileile, nzima, haikupungua hata kidogo.

Iliingia mwilini mwake kama hofu. Alizima meko, akawaambia watu gesi imeisha, akaenda kuketi nyuma katikati ya maboksi, mikono ameibana mapajani. Alikuwa akidhani furaha hiyo imekufa, na kuidhania hivyo kulikuwa kumempa nafuu.

Mhudumu wa rafu alichungulia. "Mama, watu wanauliza pilau."

Nawoi alikaa kidogo zaidi. Kisha akainuka, akafunga upya kamba za eproni, akaenda kuwasha meko.